Msamaria wa Princeton: Uhakiki wa Jaribio Linalopendwa Mimbarani

Katika majaribio ya saikolojia ambayo wahubiri hupenda kuyataja, ni machache yanayoshindana na lile lililofanyika Princeton, Marekani, juu ya mfano wa Msamaria Mwema. Husimuliwa hivi. Wanafunzi wa theolojia walitumwa kwenda kunena juu ya Msamaria Mwema. Njiani wakamkuta mtu aliyejikunyata, akikohoa na kugumia. Waliokuwa na haraka wakampita, baadhi yao wakamruka, na kule kuutafakari mfano wa Bwana muda mfupi kabla hakukuwafaidia kitu. Hapo mhubiri hunyamaza, washarika huinamisha vichwa, na hoja huhesabiwa kuwa imekwisha kuthibitishwa na sayansi.

Kusudi la makala hii si kulibeza jaribio hilo, maana lilibuniwa kwa akili nyingi na kuripotiwa kwa uaminifu unaostahili kuigwa. Ninalotaka kuhoji ni matumizi yake. Masimulizi ya mimbarani yana madai mawili: kwamba haraka huzuia huruma, na kwamba kulisoma Neno hakukubadili kitu. Dai la kwanza lina msingi katika data, ingawa ni mwembamba kuliko tunavyodhani. Dai la pili halina msingi humo kabisa. Nalo ndilo zito zaidi kwetu, kwa sababu mtu anayelitamka anatoa ushuhuda juu ya kazi ya Maandiko ndani ya msomaji, tena anautoa kwa jina la hesabu ambazo pengine hajazitazama. Sisi tunaofundisha Amri ya Nane kwa vijana wa kipaimara hatuna budi kujiuliza kama wanafunzi wale arobaini wametendewa haki.

Lililofanyika

Watafiti walikuwa wawili. John Darley wa Chuo Kikuu cha Princeton alikuwa tayari amejulikana kwa majaribio aliyoyafanya pamoja na Bibb Latané, yaliyochapishwa mwaka 1968, juu ya sababu zinazowafanya mashahidi wengi wa tukio la hatari wasitoe msaada. Daniel Batson alikuwa mwanasaikolojia kijana aliyesoma pia theolojia katika Seminari ya Princeton, ambayo ni chuo cha Wapresbiteri. Ripoti yao ilitoka mwaka 1973, na kichwa chake kilianza kwa maneno yenye maana ya "Kutoka Yerusalemu hadi Yeriko".

Waliusoma mfano wa Luka 10 wakitafuta ndani yake nadharia tete zinazoweza kupimwa. Kuhani na Mlawi, walisema, ni watu ambao mawazo yao huelekea mambo ya ibada. Basi yamkini kuwaza mambo ya dini hakumfanyi mtu awe mwepesi wa kusaidia. Pia ni watu wakubwa wenye miadi mingi; basi yamkini haraka ndiyo iliyowapitisha kando. Tena, huenda Msamaria alikuwa na dini ya namna nyingine. Basi yamkini namna ya udini wa mtu ndiyo inayoleta tofauti.

Wanafunzi wa seminari walijaza kwanza hojaji juu ya udini wao. Baadaye 47 kati yao walihudhuria kikao cha pili, mmoja mmoja. Kila mmoja alipewa maandishi ya kusoma: wengine mfano wa Msamaria Mwema, wengine maelezo juu ya kazi ambazo mhitimu wa seminari aweza kuzifanya. Akaambiwa aandae hotuba fupi, ya dakika tatu hadi tano, akairekodi katika jengo jingine, akapewa na ramani ya njia. Hapo ndipo haraka ilipoingizwa. Baadhi waliambiwa kwamba wamekwisha kuchelewa, wanangojwa tangu dakika kadhaa zilizopita, wafanye hima. Wengine waliambiwa kwamba msaidizi yu tayari, waende moja kwa moja. Wengine tena waliambiwa kwamba bado kidogo, lakini waweza kutangulia.

Katika kichochoro kati ya majengo hayo mawili aliketi mtu mlangoni, mavazi yake hafifu, kichwa kimeinama, macho yamefumbwa. Mwanafunzi alipopita, mtu yule alikohoa mara mbili na kugumia. Alikuwa amewekwa pale na watafiti. Mwenendo wa kila mwanafunzi ulipewa alama kuanzia 0, kwa yule ambaye hakutambua hata kidogo kwamba pana mtu mwenye shida, hadi 5, kwa yule aliyekataa kumwacha mgonjwa au aliyeshikilia kumpeleka mahali.

Nguvu ya mpango wa namna hii, ukilinganishwa na hojaji tupu, ni kwamba watafiti ndio walioamua nani asome nini na nani aharakishwe. Laiti wanafunzi wangejichagulia, tusingejua kama tofauti iliyoonekana imeletwa na andiko au na tabia ya wale waliopenda kulisoma. Kwa jambo hili jaribio linastahili sifa.

Katika 47, saba waliondolewa kwenye hesabu: watatu kwa kuwa utaratibu uliharibika walipokuwa wakipimwa, na wanne kwa kuwa walishuku kwamba wanachezewa mchezo. Wakabaki 40. Kati yao 16 walitoa msaada wa namna fulani, 24 hawakutoa. Miongoni mwa wasio na haraka walisaidia asilimia 63, wenye haraka ya kadiri asilimia 45, na walioharakishwa sana asilimia 10. Kwa upande wa maandishi, waliosoma mfano wa Msamaria walisaidia asilimia 53, na waliosoma juu ya kazi walisaidia asilimia 29.

Namwomba msomaji asimame hapo kidogo. Hamsini na tatu kwa ishirini na tisa. Hizi ndizo hesabu ambazo mimbarani hugeuka kuwa "hakukuwa na tofauti".

Neno "hakuna" na maana zake mbili

Imekuwaje basi? Watafiti walifanya lile ambalo wanasaikolojia wote wa siku zao walifundishwa kulifanya. Walijiuliza: kama mfano wa Msamaria usingekuwa na athari yoyote, je, bahati tupu ingeweza kuleta tofauti kubwa kama hii, au kubwa kuliko hii, mara ngapi katika mia? Ikiwa ni chini ya mara tano katika mia, tofauti huitwa yenye maana kitakwimu. Ikizidi tano, huachwa. Mpaka huo wa tano ulienezwa na Mwingereza R. A. Fisher katika kitabu chake cha mwaka 1925, alipokuwa akishughulikia majaribio ya kilimo katika kituo cha Rothamsted. Ni mpaka wa desturi, uliofaa kumwambia mtafiti wa mashamba ni matokeo yapi yanastahili kufuatiliwa msimu ujao. Haukushuka kutoka Sinai.

Kwa maandishi, hesabu ya Princeton ilitoa uwezekano wa takriban 11 katika 100. Umezidi tano. Kwa hiyo athari ya mfano ikaandikwa kuwa haina maana kitakwimu, na ripoti ikaendelea mbele na hoja kwamba kuutafakari mfano hakukuongeza msaada kwa kiasi cha kuhesabika.

Lakini kutothibitika kwa jambo si sawa na kuthibitika kwamba jambo halipo. Hakimu anaposema kwamba upande wa mashtaka haukuthibitisha kosa, hajasema kwamba mshtakiwa siku ile alikuwa nyumbani kwake amelala. Na mvuvi aliyetupa wavu wenye matundu mapana akatoka bila dagaa hana haki ya kurudi pwani na kutangaza kwamba ziwani hamna dagaa. Kwanza tumwulize juu ya wavu.

Wavu wa Princeton ulikuwa na watu 19 waliosoma mfano, na 21 waliosoma juu ya kazi. Kumi katika wale wa kwanza walisaidia, sita katika wale wa pili. Tukokotoe kwa njia ya kawaida mipaka ambamo tofauti ya kweli yaweza kuwamo: mipaka hiyo yaanzia hasara ya pointi 5 hivi katika mia na kufika faida ya pointi 54. Maana yake ni kwamba data hizi zapatana na dai kwamba mfano haufanyi kitu. Zapatana pia na dai kwamba mfano wafanya kazi kubwa ajabu. Jaribio limenyamaza, na sisi tumelisemea.

Twaweza kuiuliza hesabu kwa upande mwingine. Tuseme kweli kusoma mfano huu hupandisha watoa msaada kutoka 29 hadi 53 katika mia. Jaribio lenye watu kiasi hiki lingeutambua ukweli huo, kwa kipimo cha tano katika mia, mara moja tu hivi katika kila majaribio matatu. Ili lautambue mara nne katika tano, pangehitajika watu kama 65 katika kila kundi, yaani 130 jumla. Walikuwapo 40.

Haya si maarifa ya jana. Mwaka 1975, miaka miwili tu baada ya ripoti, mwanasaikolojia Anthony Greenwald aliandika katika jarida lile lile akilipinga hitimisho hilo la kutokuwapo kwa athari. Alizipima data zile zile kwa mtindo wa Bayes, ambao huuliza ni dhana ipi kati ya mbili inayoungwa mkono zaidi na yaliyoonekana, akaona kwamba zinaunga mkono zaidi dhana kwamba mfano uliongeza msaada kuliko dhana kwamba haukuongeza. Makala yake ni fupi na haina ugumu. Hata hivyo masimulizi ya mimbarani yalikwisha kuanza safari yake, nayo hayakurudi nyuma kumsikiliza. Nadhani sababu ni kwamba hadithi ya wanafunzi wa theolojia wanaomruka mgonjwa inatupendeza mno. Inatupa toba kwa bei nafuu, kwa kuwa wanaotubishwa ni wengine.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Athari ya haraka ilipokewa kwa kuwa uwezekano wake ulikuwa takriban 4 katika 100. Athari ya mfano ilikataliwa kwa kuwa wake ulikuwa 11. Msomaji asiye na uzoefu hudhani kwamba kati ya moja na nyingine pana shimo kubwa, huku pakiwa na ndiyo na huku pakiwa na hapana. Andrew Gelman na Hal Stern walionyesha mwaka 2006 kwamba tofauti kati ya matokeo yenye maana kitakwimu na yasiyo nayo, aghalabu yenyewe haina maana kitakwimu. Mwaka 2016 chama cha wanatakwimu wa Marekani kilitoa tamko rasmi la kuwaonya watafiti wasijenge hitimisho la kisayansi juu ya kuvuka au kutovuka mpaka mmoja tu. Kusema "haraka ina nguvu, Neno halina" kwa msingi wa 4 na 11 ni kuukamua mpaka wa desturi hadi utoe maziwa usiyokuwa nayo.

Nahofia hata hivyo kwamba yupo msomaji ambaye sasa atakimbilia upande wa pili. Ataona katika jedwali la ripoti kwamba wasiokuwa na haraka waliosoma mfano walipata wastani wa alama 3.8, na wenzao waliosoma juu ya kazi wastani wa 1.7 hivi, naye atapanda mimbarani kutangaza kwamba sayansi imethibitisha nguvu ya Injili. Asifanye hivyo. Kundi la kwanza lilikuwa na watu watano, la pili watatu. Mtu mmoja tu akibadili mwenendo, wastani unayumba kama mtumbwi mtupu. Data hizi hazituruhusu kusema kwamba Neno lilitenda, kama zisivyoturuhusu kusema kwamba halikutenda.

Wale waliomruka

Ripoti yataja kweli kwamba zaidi ya mara moja mwanafunzi aliyekuwa akienda kunena juu ya Msamaria alimruka mtu yule akaendelea na safari. Ni picha isiyosahaulika, na sikatai kwamba ilitokea. Lakini walikuwa wangapi, hao waliosoma mfano na kuharakishwa sana? Tuliangalie jedwali. Walioharakishwa sana wote walikuwa kumi, na wastani wao wa jumla ni 0.7. Waliosoma mfano miongoni mwao wana wastani wa 1.0, na waliosoma juu ya kazi 0.5. Ukichanganya makundi mawili yenye wastani huo katika watu kumi ili upate 0.7, kuna mgawanyo mmoja tu unaowezekana: wanne na sita. Picha yetu mashuhuri basi imetoka katika kikundi cha watu wanne. Nao hata hivyo waliwazidi kwa wastani wenzao sita ambao hawakuusoma mfano.

Wanafunzi wetu wanaosoma ripoti za namna hii wajizoeze kufanya hesabu kama hiyo kwa kalamu pembeni mwa ukurasa. Haihitaji mashine.

Hata athari ya haraka yenyewe, ambayo naiamini zaidi, imesimama juu ya watu wachache: watano katika wanane upande mmoja, mmoja katika kumi upande mwingine. Jaribio dogo likivuka mpaka wa tano, kwa kawaida hulivuka likiwa limeikuza athari, maana zile athari ndogo hazikuweza kupita katika tundu hilo. Mwaka 2015 muungano wa watafiti wengi ulitoa matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia zilizokuwa zimechapishwa mwaka 2008. Katika tafiti za awali, asilimia 97 zilidai matokeo yenye maana kitakwimu; katika marudio, asilimia 36 tu. Ukubwa wa athari nao ulishuka kwa wastani hadi nusu hivi. Jaribio la Princeton halikuwamo katika mia hiyo, lakini lilifanywa kwa desturi zile zile na kwa watu wachache vile vile. Kwa hiyo nisomapo kwamba haraka ilishusha msaada kutoka 63 hadi 10, naamini mwelekeo, na ukubwa nauweka kiporo.

Imani iliyopimwa mahali asipokuwapo asiyeamini

Dai la tatu halitajwi sana mimbarani ila hutajwa darasani: kwamba udini wa mtu haukuhusiana na kusaidia. Hojaji zilikuwa zimepima mambo kadhaa, kama vile kushika mafundisho ya imani, dini kama njia ya kupata faida nyingine, dini kama lengo lenyewe, na dini kama kutafuta. Hakuna hata moja lililotabiri nani atasimama na nani atapita.

Hapa pana matatizo mawili. La kwanza ni lile la wavu: kwa watu 40, uhusiano wowote ulio chini ya 0.31 hautaonekana kuwa na maana kitakwimu, nao uhusiano wa kweli kati ya tabia ya mtu na tendo lake moja la siku moja ni nadra kufika hapo. La pili ni la kina zaidi. Waliopimwa wote walikuwa wanafunzi wa seminari moja, wamepitia mchujo mmoja, wanaojiandaa kwa utumishi mmoja. Anayetaka kujua kama mbolea huongeza mavuno hawezi kulinganisha mashamba ambayo yote yametiwa mbolea, lile debe moja, hili debe moja na robo, kisha akaandika kwamba mbolea haina kazi. Tofauti ndogo iliyobaki kati ya mashamba hayo haitoshi kuonyesha chochote. Seminari ni mahali pazuri pa kuchunguza haraka, maana haraka watafiti waliileta wenyewe. Ni mahali pabaya mno pa kuchunguza kama imani ina matunda.

Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu ya tasnifu za wanafunzi wetu. Mwanafunzi hugawa hojaji arobaini katika usharika mmoja baada ya ibada, kwa watu waliobaki kwa hiari yao kuzungumza na mchungaji mtarajiwa, kisha huandika katika sura ya nne kwamba hakuna uhusiano kati ya kuhudhuria ibada na kutoa sadaka. Waliohojiwa wote walikuwa wamehudhuria ibada. Msimamizi hutia sahihi.

Kuna tokeo moja la udini ambalo ripoti ya Princeton ililidai: kwamba miongoni mwa waliosaidia, wale wenye dini ya kutafuta walitoa msaada wa kusikiliza, na wale wenye kushika sana mafundisho walimng'ang'ania mgonjwa hata alipokwisha kusema kwamba hahitaji zaidi. Waalimu fulani hulipenda tokeo hili kwa kuwa linawasema vibaya wahafidhina. Lakini limetoka kwa watu 16, baada ya vipimo vingi kujaribiwa. Nisingemtia doa hata mhafidhina mmoja kwa ushahidi huo.

Alama sifuri

Nirudi kwenye zile alama, kwa maana hapa theolojia ina neno lake la kusema, na sidhani kwamba wanatakwimu watatusaidia.

Asiyetambua kwamba pana mtu mwenye shida alipewa 0. Aliyetambua akapita alipewa 1. Kwa mtafiti anayepima ukaribu wa mtu na tendo la kusaidia, mpangilio huo una mantiki: anayeona yuko hatua moja mbele ya asiyeona. Lakini Luka ameandika nini? Juu ya kuhani, alimwona. Juu ya Mlawi, alimwona. Juu ya Msamaria, alimwona, akaguswa matumboni, maana ndiyo asili ya neno la Kigiriki lililotumika pale kwa huruma. Kitenzi cha kuona kimerudiwa mara tatu, nacho ndicho kinachowahukumu wawili wa kwanza. Kwa mizani ya mfano wenyewe, aliyeona akapita hawezi kuwa juu ya yule ambaye hakuona. Kwa mizani ya Princeton, amempita kwa alama moja, na alama hiyo imeingia katika kila wastani nilioutaja hapo juu.

Tena, je, haraka imo katika mfano? Luka haitaji. Kuhani alikuwa akishuka kwa njia ile, na ashukaye toka Yerusalemu analipa hekalu kisogo. Miadi yake ya ibada, kama ilikuwapo, ilikuwa nyuma yake. Kumbukeni ni mahubiri mangapi tumeyasikia juu ya kuhani aliyechelewa zamu yake hekaluni! Watafiti waliikisia haraka, nao walikuwa na haki ya kukisia, kwa kuwa nadharia tete ni kisio linalopelekwa kupimwa. Kosa ni letu tunaolichukua kisio hilo likarudi kwetu limevaa koti la maabara, tukalisoma ndani ya Luka kana kwamba lilikuwamo tangu mwanzo.

Juu ya udanganyifu uliotumika sitasema mengi. Mgonjwa hakuwa mgonjwa, na hotuba haikuwa na kazi iliyotajwa. Wanafunzi walielezwa kweli baadaye. Vyuo vingi leo vina kamati zinazochunguza mipango ya namna hii kabla haijaanza, na inafaa iwe hivyo. Nataka tu ionekane kwamba udanganyifu una gharama ya kitakwimu pia: wale wanne walioshuku waliondolewa, na mtu mwepesi wa kushuku huenda si sawa na mwingine katika wepesi wa kusaidia.

Walikuwa wakimkimbilia nani?

Darley na Batson wenyewe hawakuwaita wanafunzi wale wagumu wa moyo. Katika mjadala wao waliona kwamba baadhi ya wasiosimama walionekana kuwa na wasiwasi baadaye, na wakapendekeza kwamba hao walinaswa kati ya watu wawili wanaowahitaji: mtu wa kichochoroni, na mtafiti anayewangoja. Mwanafunzi alikuwa na haraka kwa sababu alikuwa akimsaidia mtu. Jambo hili, lililoandikwa katika ripoti ile ile tunayoitaja, ni mara chache sana nimelisikia likisemwa.

Batson na wenzake walilifuatilia kwa jaribio jingine lililochapishwa mwaka 1978. Safari hii waliobadilishwa hawakuwa wale wenye haraka na wasio nayo tu. Baadhi waliambiwa kwamba kazi wanayoiendea ni ya lazima kwa mtafiti, wengine kwamba haina uzito mkubwa. Walioharakishwa kuelekea kazi ya lazima walisaidia mara chache mno. Walioharakishwa kuelekea kazi isiyo na uzito walisaidia mara nyingi zaidi. Jaribio hili nalo lilikuwa dogo, na yote niliyoyasema juu ya watu wachache yanalihusu. Lakini swali lake ni bora kuliko la kwanza, nalo lamfaa zaidi mchungaji anayetoka kwenye mazishi saa nane akielekea kitongoji kingine ambako jeneza lingine linamngoja, huku mzee wa kanisa ameketi nyuma ya pikipiki akiangalia saa, na kando ya barabara pana mtu anayepunga mkono.